Gari Lililoona Ndani ya Watu

Mwezi uliopita nilikwenda kupigwa picha ya kifua pale mjini Tabora. Vumbi la kiangazi lilikuwa limenikaba wiki tatu mfululizo, na binti yangu, ambaye siku hizi ananiamrisha kana kwamba yeye ndiye aliyenizaa, akanipakia kwenye bajaji mpaka hospitali. Kijana wa mashine alikuwa mpole. Akaniambia, "Mama, sogea, kifua kiguse hapo. Vuta pumzi. Zuia." Ule ubao ukanigusa, baridi yake ikapenya mpaka mgongoni, na kabla sijajitambua nikasikia mdomo wangu unasema, "Sijameza kitu cha mtu."

Kijana akachungulia kutoka nyuma ya kioo. "Unasemaje, mama?"

"Nasema nimezuia pumzi."

"Sasa ukisema, si umeiachia?"

Tukarudia. Picha ilitoka safi. Ni vumbi tu na umri. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nacheka peke yangu, mpaka dereva wa bajaji akaanza kunitazama kwenye kioo chake kwa wasiwasi. Binti yangu akataka kujua kinachonichekesha. Nikamwambia ni habari ndefu, inahusu koti, kuku na gari moja la ajabu. Akasema basi nitamsimulia jioni. Jioni akawa na simu yake. Kwa hiyo nawasimulia ninyi wa rika langu, ambao mnajua jinsi gari lolote lilivyokuwa jambo kubwa siku zile, seuze gari lile.

Nilikuwa na miaka sita, labda saba. Tulikaa Puge, kando ya barabara ya Tabora na Nzega, barabara ambayo bibi yangu mzaa baba hakuchoka kutukumbusha kwamba babu yake aliipita kwa miguu akiwa mpagazi, mzigo begani, mpaka pwani na kurudi. Kwa bibi, kila kilichopita pale baada ya babu yake, iwe lori, basi au baiskeli, kilikuwa uvivu tu. Nyumbani tulikuwa wanne: bibi, baba, mama na mimi, mtoto wao pekee wakati huo.

Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi. Cheo hicho hakikuwa na ofisi wala kiti, kwa hiyo baba alikitafutia koti. Alilinunua mnadani Tabora, koti jeusi zito, pengine lilikuwa la mtu wa reli zamani, lenye vifungo vinne vya shaba. Alilivaa kanisani, alilivaa akiamua kesi za mbuzi walioingia shamba la mtu, alilivaa hata mwezi wa kumi, jua likiwa kichwani kama sufuria ya moto, jasho likimtiririka na heshima ikibaki palepale. Vile vifungo alivisugua kwa jivu na ndimu mpaka ukavitazama ukajiona pua.

Kimoja kilikuwa kinaning'inia kwa uzi. Mimi nilikuwa na mazoea ya kukinyonya koti likiwa limetundikwa ukutani. Kilikuwa na ladha ya chumvi, ndimu na kitu kingine ambacho mpaka leo sijui nikiite nini, ladha ya utu uzima. Jumapili moja, baada ya ibada, ule uzi ukakatika mdomoni mwangu. Nikaona si neno, nitakinyonya kidogo halafu nitakiweka juu ya meza. Wakati huohuo bibi akaita kutoka jikoni, "Nyamizi!" Nami, mtoto niliyefunzwa adabu, nikaitika, "Abee!" Ukitaka kumeza kitu upesi, itika abee ukiwa nacho mdomoni.

Kilishuka chote. Nilikisikia kinapita kooni, kinapita kifuani, kinatua. Nikasimama pale nimekodoa macho nikingoja kufa. Sikufa. Nikaenda kumshikia bibi chungu.

Baba alipogundua, nyumba iligeuka baraza la mahakama. Tulipekua mkeka, tukapepeta pumba, tukachekecha majivu. Mwisho baba akakumbuka kwamba mchana ule alimwona Tunu akidonoa chini ya koti. Tunu alikuwa tetea wa bibi, mweusi mwenye madoadoa, anayetaga kila siku bila kukosa, na bibi alimpenda kuliko baadhi yetu.

"Kuku hali shaba," bibi akasema.

"Kuku anakula chochote kinachong'aa, mama."

"Basi mngoje anye."

Baba alingoja siku mbili, akimfuata Tunu uani na kijiti mkononi, balozi mzima, akichokoachokoa. Siku ya tatu uvumilivu ukamwisha. Tunu akachinjwa. Baba mwenyewe alipasua firigisi, akakuta mchanga, punje za mtama na kipande cha chupa. Akapasua utumbo wote kwa urefu wake, kama mtu anayesoma barua. Hakuna kifungo. Bibi alikuwa amesimama juu yake, mikono kiunoni. Hakumsemesha baba kwa muda wa wiki nzima. Kila alichotaka kumwambia alikipitisha kwangu, hata wakiwa wamekaa mkeka mmoja. "Nyamizi, mwambie baba yako apishe mguu."

Usiku ule tulikula Tunu kwa ugali wa mtama. Nilipewa bawa. Nililia huku natafuna, na mama akasema, "Mtoto huyu ana huruma, mwoneni." Nikalia zaidi.

Tangu siku hiyo nilijua nimebeba kifungo. Nikiruka kamba nilikisikia kikigonga. Nikilala ubavu wa kushoto kilihamia kushoto. Nikaacha kuruka kamba.

Haikupita miezi mingi, Bwana Afya akaja kwa baiskeli kutoka Nzega. Baba akavaa koti lake, lililofungwa vifungo vitatu na pini, akawakusanya watu. Bwana Afya akaeleza kwamba baada ya mavuno litakuja gari la serikali lenye mashine ndani yake, na watu watapigwa picha ya kifua, bure, ili wenye ugonjwa wa kifua kikuu wajulikane na watibiwe. Gari hilo linaona ndani ya mtu bila kumpasua. Alisema hivyo tu, akanywa maji, akaondoka.

Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini tulikuwa na jirani, Masanja, ambaye aliwahi kuanguka kutoka juu ya paa akiezeka nyumba, akapelekwa Tabora kupigwa picha ya mkono. Kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa mtaalamu wetu. Siku ya kwanza Masanja alisimulia kwamba aliuona mfupa wake kwa macho yake, yeye akiwa hai. Siku ya pili alikumbuka kwamba waliona pia ugali aliokula asubuhi. Siku ya tatu waliijua na mboga aliyoulia. Mpaka wiki inakwisha, mashine ilikuwa imejua mboga ile ilichumwa shamba la nani.

"Hata kama ni ya zamani?" mtu akauliza.

"Ya zamani ndiyo inaonekana zaidi," Masanja akajibu. "Imeshakauka."

Hapo ndipo Puge ilipoanza kuwa mahali pa ajabu. Jembe la jirani lililopotea msimu uliopita lilikutwa asubuhi limeegemezwa mlangoni kwake. Mwanamke mmoja alirudisha sufuria, akasema amekuwa akiitunza. Mtu mwingine alirudisha mchi ambao hakuna aliyekuwa ameupoteza. Tulikaa nao kwa balozi, na mpaka leo sijui ni wa nani. Wako waliofunga kula nyama, ili waliyokula ipate nafasi ya kutoka. Katekista wetu, Mwalimu Petro, alisimama Jumapili akiwa amekasirika. "Miaka yote nawahubiri toba," akasema, "nawaambia Mungu anaona mpaka moyoni, mnasinzia. Leo mnaambiwa kuna gari, mnarudisha majembe!" Alisema kweli. Lakini wiki hiyohiyo na yeye alionekana anatafuna majani ya mpera asubuhi na jioni, na mama muuza pombe ya mtama akalalamika kwamba mteja wake mmoja mkubwa amepotea.

Sasa nieleze habari za mama, maana yeye ndiye kiini cha haya yote.

Mama yangu alikuwa mtu wa kucheka na kuchekesha. Aliweza kumwigiza mtu yeyote: baba anavyofunga koti, Masanja anavyosimulia, bibi anavyonuna. Lakini mwaka ule alikuwa amekonda, mifupa ya shingo imetokeza, na akiigiza mtu hakufika mwisho, kikohozi kilimkata. Alisema ni vumbi la karanga. Karanga zilipokwisha akasema ni moshi. Alikohoa akiwa nyuma ya jiko, amejiziba kwa pindo la kanga. Siku moja nilimfuata, nikaona pindo lina wekundu. Akalikunja upesi.

"Ni rangi ya kanga inachuja," akaniambia. "Usimwambie baba yako, atasema nimenunua kanga mbovu."

Mimi sikuamini. Mimi nilikuwa mtu mwenye uzoefu. Nilikuwa namjua mtu anayeficha kitu alichomeza, kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Mama amemeza kifungo, nikawaza, na chake ni chekundu, na tofauti na changu kimekwama njiani. Anakikohoa kila siku hakitoki, inatoka rangi tu. Nikamhurumia kupita kiasi. Nikaona kumbe sisi wawili tuko shimo moja.

Bwana Afya alipotangaza habari za gari, nilimtazama mama, na nikaona uso wake umekufa ganzi. Jioni ile akamwambia baba kwamba siku ya picha yeye atakwenda kwao kumwangalia dada yake.

"Mke wa balozi?" baba akasema. "Mimi niwapange watu mstari, mke wangu hayupo?"

"Dada anaumwa."

"Dada yako nilimwona juzi mnadani anavuta ng'ombe."

Mama akakusanya vyombo akatoka nje. Mimi nikamfuata na sufuria.

Gari lilifika asubuhi, na halikufika vizuri. Kabla ya kuingia kijijini kulikuwa na korongo la mchanga, nalo likazama humo mpaka nusu ya magurudumu. Lilikuwa gari refu, jeupe, kama basi lililosahauliwa kuwekewa madirisha, na nyuma yake lilivuta jenereta kwa kamba ya chuma. Tulikwenda wote kulitazama. Hakuna aliyelisogelea kwa mbele, watu wote walijipanga nyuma yake, wakidhani macho yake yako mbele. Ilibidi maksai wanne wa Masanja wafungwe nira walivute, gari la serikali na utaalamu wake wote, likitoka mchangani hatua kwa hatua kama plau. Bibi alikuwa pembeni na fimbo yake.

"Linaona ndani ya matumbo ya watu," akasema, "lakini shimo halikuliona."

Aliyeshuka humo alikuwa mtu mfupi mwenye koti jeupe, mtu wa pwani kwa lafudhi yake. Sisi tulimwita Bwana Picha. Alikuwa amejifunza neno moja la kwetu, mwangaluka, salamu ya asubuhi, akalitumia kwa kila mtu mpaka jua linazama. Walifunga turubai, jenereta likawashwa, likaanza kunguruma na kutoa harufu ya petroli, na gari lote likatetemeka kama mtu mwenye homa. Nyuma kulikuwa na ngazi na pazia jeusi. Ulipanda, ukameza mate, pazia likakumeza.

Baba aliingia wa kwanza ili kuwa mfano. Alivuliwa koti mlangoni, jambo lililomvunja nguvu kabisa. Akatoka baada ya muda mfupi, akafunga vifungo vitatu na pini, akatangaza, "Haiumi." Lakini hakumtazama mtu usoni. Baadaye nilisikia kwamba alipoambiwa azuie pumzi alizuia mpaka wakamkumbusha kupumua.

Bibi akafuata. Sauti yake tuliisikia kutoka ndani, ikipita pazia na jenereta. "Unataka nini kifuani kwangu, wewe? Babu yangu alibeba pembe mpaka Bagamoyo kwa kifua hikihiki, hakuna aliyempiga picha!" Kisha bibi akatoka, ametulia, akaniambia kwa siri, "Ni mlango wa baridi tu. Unaukumbatia." Nikaona bibi yangu ni mtu asiye na dhambi hata moja.

Mama alikuwa nyuma yangu kwenye mstari. Nilipogeuka hakuwapo.

"Mke wangu yuko wapi?" baba akauliza.

"Kaenda kuepua maharage," bibi akasema.

Mstari ukasonga. Watu waliingia na nyuso za waliohukumiwa, wakatoka na nyuso za waliosamehewa. Mwalimu Petro alitoka akiimba wimbo wa shukrani. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, nimejishika tumbo, nikisikia kifungo kinagonga kwa kufuata mngurumo wa jenereta. Zilikuwa zimebaki ngazi tatu. Bwana Picha akafunua pazia, akanitazama kwa macho yake ya wekundu wa uchovu, akafungua mdomo kusema neno.

Sikumngoja. Nikapiga yowe.

"Ni mimi! Kifungo nimekimeza mimi! Tunu hakukila! Kiko humu ndani, naomba msinipasue kama Tunu!"

Jenereta lilikuwa linanguruma, lakini mtoto akiamua kulia hushinda jenereta. Mstari wote ulisikia. Kicheko kikaanzia kwa Masanja, kikapita mstari mzima mpaka kwenye maksai. Baba alijishika pale kwenye pini. Bibi alisogea mbele, akaelekeza fimbo yake kwa mwanawe, na safari hii hakunituma mimi.

"Umesikia? Kuku wangu alikufa hana hatia!"

"Mama, hapa si mahali pake."

"Ulimuulia hapahapa Puge, mwombe radhi hapahapa Puge!"

Watu wakaanza kudai balozi aombe radhi. Bwana Picha alikuwa amesimama kwenye ngazi haelewi kitu. "Jamani," akasema, "nilitaka tu kumwambia mtoto ashuke. Watoto wadogo hatuwapigi. Na mashine inatazama kifua, haitazami tumbo."

Kicheko kikafa ghafla. Watu walitazamana. Wakayawazia majembe waliyorudisha. Kisha wote wakamgeukia Masanja, naye akakumbuka maksai wake wanahitaji maji.

Mimi nilibaki pale kwenye ngazi, nimejianika bure. Kila mtu ananitazama. Mtoto akiwa peke yake kwenye aibu hutafuta mwenzake, na mimi nilikuwa namjua mwenzangu. Nasema kweli, nilidhani pia namsaidia: kama mashine inatazama kifua, basi kifungo cha mama, kilichokwama kifuani, ndicho hasa wanachokitafuta.

"Hata mama amemeza," nikasema.

"Amemeza nini?" baba akauliza, bado ana hasira.

"Kifungo chekundu. Kimekwama. Kila siku anakikohoa nyuma ya jiko, hakitoki, inatoka rangi tu kwenye kanga."

Hakuna aliyecheka. Bwana Picha akashuka ngazi zote, akachuchumaa mbele yangu mpaka uso wake ukalingana na wangu.

"Rangi gani, mwanangu?"

"Nyekundu."

"Tangu lini?"

"Tangu karanga."

Baba alikuwa ameshika daftari la majina. Alimkabidhi Mwalimu Petro bila kumtazama, akaondoka. Hakukimbia, balozi hakimbii. Lakini sijapata kumwona mtu akitembea vile. Nilimfuata kwa mbali. Alimkuta mama ameinama juu ya karai, anafua kanga. Hapakuwa na maharage yoyote motoni. Nilidhani atamfokea. Akachuchumaa upande wa pili wa karai, akaingiza mikono yake kwenye yale maji, akamshika mama mikono.

"Kwa nini hukuniambia?"

Mama akamjibu kwa Kinyamwezi, taratibu, na sikusikia yote. Nilikuja kuambiwa nikiwa mkubwa. Mama alikuwa na shangazi yake aliyeugua kifua. Walimjengea kibanda chake porini, wakamtengea na kata yake ya maji, na akafia huko watu wakiwa wanamsemesha kutoka mbali. Mama aliona ni afadhali akohoe kimyakimya na kula sahani moja na sisi, muda wowote atakaopewa.

Baba alisema, "Hapa hakuna wa kujengewa kibanda." Kisha akavua lile koti, mchana kweupe, akamvika.

Walipita mbele yangu. Mama hakunigombeza, aliniwekea mkono kichwani alipopita, mkono wenye povu la sabuni. Nikamwona anapanda zile ngazi, koti likimfika magotini, na pazia likamfunika. Alikaa humo muda mrefu kuliko wote, au niliona mimi. Bwana Picha alisafisha picha palepale ndani ya gari, kwenye chumba cha giza chenye taa nyekundu, na alasiri akamwita baba pembeni. Nilimsikia akisema maneno mengi ya kitaalamu, kisha akasema kwa Kiswahili cha kila mtu, "Huyu tunaondoka naye. Bado miezi michache, tungekuja kumkuta hayupo."

Kesho yake asubuhi gari liliondoka na mama. Alikaa mbele, kati ya dereva na Bwana Picha, na kifurushi mapajani. Niliona nimemuuza. Nilining'inia kwenye mlango wa gari nalia kwamba nimesema uongo, mama hajameza kitu, wanirudishie. Mama akainama dirishani.

"Nyamizi, nisikilize. Ulisema kweli. Kipo, na hawa wanajua kukitoa. Lakini kilichokwama kifuani hakitoki kwa siku moja. Umwangalie bibi yako. Na baba yako, usimwache awapikie ugali, atawaua."

Akamwigiza baba anavyokoroga ugali, palepale dirishani. Hakukohoa mpaka mwisho. Gari likaondoka, na safari hii maksai walikuwa wanalingoja korongoni.

Mvua zikaja, zikaisha. Tukalima, tukapalilia, tukavuna, na mama hakurudi. Baba alikwenda Nzega kwa baiskeli kila alipopata siku, peke yake, kwa sababu watoto hawakuruhusiwa wodini, na akirudi nilimwuliza kitu kilekile: "Wamekitoa?" Naye akajibu, "Bado kidogo." Alituletea habari chache: anachomwa sindano, anakula, ananenepa, amekuwa kipenzi cha wodi nzima kwa kuigiza wauguzi. Kwa maelekezo ya huko, baba alitoboa dirisha katika chumba chao ili hewa ipite. Hakuwa fundi. Lilitoka kubwa kiasi kwamba mbuzi wa jirani waliingia humo mara mbili, na kesi ile balozi alishindwa kuiamua.

Mimi nilijifunza kuchota maji, kumenya viazi vitamu vya kuanika michembe, kumpa mgeni kiti. Nikawa na sura mbili za mama kichwani, ya kucheka na ile ya kukonda, na kadiri siku zilivyokwenda zote mbili zilififia. Hili nilimficha kila mtu. Nilikuwa nikifumba macho nimtafute, napata kanga tu.

Mchana mmoja nilikuwa uani nalinda michembe iliyoanikwa juu ya mwamba. Basi lilisimama barabarani, akateremka mwanamke mnene, ana viatu, amevaa gauni lenye kola, nywele zimekatwa fupi kama za mwalimu, na mwavuli mkononi. Akaja moja kwa moja mpaka kwetu, akasimama kwenye kivuli cha paa.

"Hodi hapa."

"Karibu. Shikamoo."

"Marahaba." Alinitazama, halafu akatazama kando kidogo, halafu akanitazama tena. "Hapa ni kwa balozi?"

"Ndiyo. Lakini baba yuko shambani."

"Na mama je?"

"Mama hayupo, yuko Nzega. Lakini atarudi."

"Lini?"

"Bado hawajamaliza."

Midomo ya mgeni ilikuwa inafanya kitu ambacho sikukielewa. "Basi," akasema, "nitamngojea."

Nikamletea kiti. Nikamletea maji kwenye kata, nikapiga goti na kumpa kwa mikono miwili kama nilivyofunzwa. Alikunywa taratibu, akinitazama juu ya ukingo wa kata. Nikaingia jikoni.

"Bibi, kuna mgeni. Mnene. Anamtafuta mama, anasema atamngojea."

Bibi akatoka akijifuta mikono. Alipofika mlangoni akasimama. Hakusalimia, yeye ambaye sijapata kumwona akimwacha mgeni bila salamu. Alishika mwimo wa mlango, akarudi ndani hatua moja, akageukia ukutani. Kisha akaniinamia.

"Nenda kamwambie mgeni," akasema, na sauti yake ilikuwa nzito, "mama yako ameshafika."

Nikaenda. Nikasimama mbele yake, mikono nyuma, kama mtu aliyetumwa.

"Bibi anasema mama ameshafika," nikamwambia, na nilikuwa nimeshageuza kichwa kuelekea barabarani, nione anatokea upande gani, wakati yule mgeni aliponiita jina langu.